Kulichunguza Tela Kuukuu Kabla ya Kulinunua

Tela ni chombo kisichokuwa na injini wala usukani, na kwa sababu hiyo watu wengi hulidhania kuwa halina cha kuharibika. Mnunuzi wa trekta kuukuu humwita fundi aje aisikilize injini. Mnunuzi wa tela kuukuu aghalabu huyatazama matairi, hupiga teke gurudumu moja, kisha huuliza bei. Lakini tela lililopakiwa tani tano za mahindi au za miwa, mkono wake wa kukokotea ukikatika mteremkoni, huwa ni jiwe linaloporomoka lisilokuwa na dereva. Walio mbele yake, na pengine walioketi juu ya mzigo, hawana nafasi ya kuuliza lilinunuliwa kwa bei gani.

Matela mengi yanayouzwa mikononi mwa watu yamekwisha kutumika miaka mingi: katika mashamba ya mkonge, katika mashamba ya miwa, kwa wachukuzi wa mawe na mchanga. Shule, vyama vya ushirika na wakulima wadogo huyanunua kwa fedha iliyokusanywa kwa taabu. Makala hii inakusudia kueleza jinsi mifupa ya tela inavyobeba mzigo, jinsi inavyodhoofika, na jinsi mtu mwenye nyundo, kamba, futi ya kupimia na chaki anavyoweza kuutambua udhaifu huo kabla ya kutoa fedha yake. Msomaji ataona kwamba elimu inayohitajika ni ile ile anayoipata katika masomo ya fizikia, kemia, biolojia na hisabati.

MIFUPA YA TELA

Tuliondoe sanduku na mbao za sakafu, tubaki na fremu. Fremu ya kawaida ina mihimili miwili mirefu ya chuma, iliyounganishwa kwa vyuma vya kukingama. Chini yake zimefungwa springi zinazokaa juu ya ekseli, na mbele umetokeza mkono wa kukokotea wenye jicho la chuma linaloshikwa na trekta.

Ukiukata mmoja wa mihimili hiyo na kuutazama kichwani, mara nyingi utaona umbo la mfereji uliolazwa ubavu. Una mdomo wa juu, mdomo wa chini, na ubavu uliosimama wima kuiunganisha midomo hiyo miwili. Umbo hili halikuchaguliwa kwa urembo. Mhimili ulioegemezwa ncha zake mbili ukipinda kwa mzigo, upande wa juu hugandamizwa na upande wa chini huvutwa. Katikati ya kimo chake pana mahali ambapo chuma hakigandamizwi wala hakivutwi na kupinda huko. Kwa hiyo kazi kubwa hufanywa na midomo, na ubavu kazi yake hasa ni kuitenga midomo hiyo isisogeleane.

Jambo hili linaweza kuthibitishwa kwa ubao. Chukua ubao wenye upana wa sm 15 na unene wa sm 5. Nguvu ya ubao dhidi ya kupinda hufuata upana mara kimo mara kimo. Ukilazwa, tunapata 15 × 5 × 5, yaani 375. Ukisimamishwa kwa ukingo, tunapata 5 × 15 × 15, yaani 1,125. Ubao ni ule ule, lakini nguvu zake zimekuwa mara tatu. Ugumu wake, yaani ukaidi wake wa kutopinda, hufuata kimo kilichozidishwa mara tatu, nao huongezeka mara tisa.

Kutokana na hayo tunapata kanuni ya kwanza ya uchunguzi. Tundu lililotobolewa katikati ya ubavu halina hatari kubwa. Tundu, mkato au kutu katika mdomo wa juu au wa chini ni jambo zito. Mafundi wasiojua hupenda kutoboa mdomo kwa sababu ndipo mkono unapofika kwa urahisi. Mnunuzi atazame huko kwanza.

KUTU INAVYOFANYA KAZI

Kutu si uchafu unaotoka nje ukaganda juu ya chuma. Kutu ni chuma chenyewe kilichogeuka. Mahali palipo na maji, baadhi ya atomi za chuma huacha elektroni zao na kuingia majini zikiwa ayoni. Elektroni hizo husafiri ndani ya chuma hadi mahali pengine, ambako oksijeni na maji huzipokea. Kwa ufupi:

2Fe + O₂ + 2H₂O → 2Fe(OH)₂

Kisha zao hilo huungana na oksijeni zaidi:

4Fe(OH)₂ + O₂ → 2(Fe₂O₃·H₂O) + 2H₂O

Kwa hiyo kipande chenye kutu ni betri ndogo iliyo na ncha mbili: ncha inayoliwa na ncha inayopokea elektroni. Chumvi ikiyeyuka katika maji hayo, umeme hupita kwa urahisi zaidi na ulaji huharakishwa. Ndiyo sababu chombo kilichofanya kazi Tanga, Mombasa, Unguja au Mtwara, penye upepo wa bahari, hustahili kutiliwa shaka zaidi kuliko kilichokaa Dodoma. Mizigo nayo ina historia yake. Mbolea za chumvichumvi, samaki, samadi na maji ya miwa huacha mabaki yanayokula chuma. Ni vyema kumwuliza mwuzaji tela lilikuwa likibeba nini.

Lipo jambo jingine linalowashangaza wengi. Chuma hakiliwi sana pale panapoonekana wazi, bali chini ya tope lililoganda, kati ya vipande viwili vilivyobanana, na chini ya mbao za sakafu. Sababu ni kwamba sehemu yenye oksijeni chache ndiyo inayogeuka kuwa ncha inayoliwa, na sehemu ya jirani yenye hewa nyingi hupokea elektroni. Tope huzuia hewa lakini hutunza unyevu, na hapo betri hukamilika. Kwa hiyo fremu isiyooshwa haiwezi kuchunguzwa. Mwuzaji akikataa isioshwe, hilo peke yake ni jibu.

Kutu huchukua nafasi zaidi ya maradufu ya ile ya chuma kilichoizaa. Inapozaliwa kati ya mabamba mawili yaliyofungwa kwa ribiti, huyasukuma yaachane, hata bamba likavimba baina ya ribiti moja na nyingine. Uvimbe wa namna hiyo ni dalili kwamba ndani pameliwa, ijapokuwa rangi ya nje ni nzuri.

Je, kutu ya kiasi gani ina madhara? Tuchukue mdomo wa mhimili wenye unene wa mm 6. Kutu ikila mm 1 juu na mm 1 chini, kumebaki mm 4. Theluthi moja ya chuma imetoweka, na mkazo katika kilichobaki umepanda takriban mara moja na nusu kwa mzigo ule ule. Usitosheke kutazama, pima unene mahali pazima, kisha upime mahali palipoliwa, baada ya kukwangua magamba yote. Magamba ya kutu hayabebi kitu.

UCHOVU WA METALI

Tarehe 8 Mei 1842 gari moshi lililokuwa likitoka Versailles kwenda Paris lilipata ajali baada ya ekseli ya kichwa chake kukatika. Moto ulizuka na watu zaidi ya 50 walikufa. Wahandisi walistaajabu kuona ekseli zilizofanya kazi vizuri kwa miaka zikikatika ghafula, bila mzigo kuzidishwa. Baadaye mhandisi wa reli wa Ujerumani, August Wöhler, alifanya majaribio marefu katika miaka ya 1850 na 1860. Alionyesha kwamba metali inaweza kuvunjika kwa mkazo mdogo kuliko ule unaoivunja mara moja, mradi mkazo huo urudiwe mara nyingi sana. Hali hiyo huitwa uchovu wa metali.

Uchovu huu si sawa na uchovu wa mwanadamu, maana chuma kikipumzishwa hakipati nafuu. Ufa mdogo usioonekana huanza mahali ambapo mkazo umejikusanya, nao husonga mbele kidogo kidogo kila mzigo unaporudi. Chuma kinachobaki kikipungua kiasi cha kutotosha, hukatika kwa pigo moja.

Tela kwenye barabara ya vumbi hupata marudio hayo kwa wingi wa ajabu. Vijituta vya barabara hizo, vinavyofuatana kama mawimbi, mara nyingi havitengani hata mita moja. Kwa hiyo kila kilomita inaweza kuitikisa fremu mara 1,000 au zaidi. Tela linalokwenda kilomita 20 kwa siku, siku 200 kwa mwaka, katika barabara kama hiyo, hutikiswa mara 4,000,000 kwa mwaka mmoja.

Mkazo hujikusanya wapi? Katika bamba pana linalovutwa, ukingoni mwa tundu dogo la duara mkazo hufika mara tatu ya ule ulio mbali na tundu. Pembe kali ndani ya mkato hukusanya zaidi. Mahali palipochomelewa pana mambo mawili mabaya kwa pamoja: umbo lenye kingo kali, na chuma kilichopashwa moto na kupoa kwa haraka, hata kikabaki kimejikaza chenyewe. Kwa sababu hiyo nyufa nyingi za fremu huanza kando ya mshono wa kuchomelea.

Kwa viungo vilivyochomelewa, wahandisi hutumia makadirio yafuatayo: mkazo ukiongezwa mara mbili, maisha ya kiungo hupungua mara nane, yaani 2 × 2 × 2. Sasa turudi kwenye ule mdomo ulioliwa na kutu, ambamo mkazo umepanda mara 1.5. Tukizidisha 1.5 × 1.5 × 1.5 tunapata takriban 3.4. Kiungo ambacho kingedumu miaka 10 kitadumu miaka mitatu hivi. Hivyo kutu na uchovu hushirikiana, na mwenye kuzidisha mzigo huwa mshirika wao wa tatu.

KUUTAFUTA UFA

Kabla ya yote, tela lisimamishwe mahali tambarare na magurudumu yazuiwe kwa mawe au magogo. Mtu asiingie kamwe chini ya tela lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Liegemezwe juu ya magogo imara au vigingi vya chuma.

Mahali pa kutazama ni patano. Kwanza ni jicho la kukokotea na shina la mkono wake. Pili ni pale mkono unapoungana na fremu. Tatu ni vishikizo vya springi, mbele na nyuma. Nne ni mihimili mirefu juu ya ekseli, hasa mdomo wa juu, maana sehemu ya nyuma inayoning'inia hufanya upande wa juu ndio uvutwe. Tano ni kila mahali palipochomelewa baada ya tela kutoka kiwandani.

Ufa wenyewe ni mwembamba, lakini huacha alama. Maji huingia ndani yake na kutoka na kutu, hivyo mstari wa rangi ya hudhurungi katika rangi safi wapaswa kutiliwa shaka. Vumbi jekundu linalozunguka ribiti au bolti ni dalili kwamba vipande vilivyopaswa kutulia vinasuguana. Rangi mpya katika sehemu moja tu ya fremu yapasa iulizwe maswali: kwa nini hapo, na si pengine?

Nyundo ni chombo cha pili. Ukigonga chuma kizima hulia kwa sauti ya kengele. Kilicholiwa sana, kilichopasuka, au kilicholegea kwenye ribiti hutoa sauti iliyokufa. Sumaku nayo husaidia. Matundu yaliyozibwa kwa lihamu ya plastiki na kupakwa rangi hayaivuti sumaku, ilhali chuma huivuta.

Njia ya tatu ilitumiwa zamani katika karakana za reli, nayo haina gharama. Kwangua rangi mahali unapopashuku mpaka chuma kionekane. Paka mafuta ya taa, subiri robo saa, kisha futa kwa kitambaa kikavu mpaka pasibaki kitu. Paka unga wa chaki, halafu gonga kwa nyundo pembeni. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda yenyewe, kama yanavyopanda katika utambi wa kandili, na kuchora mstari mweusi juu ya weupe wa chaki. Moto na sigara viwekwe mbali wakati wa kazi hii.

KUPIMA UNYOOFU

Tela lililopinduka au kugongwa huweza kunyooshwa likapendeza machoni. Hata hivyo jiometri haidanganyiki kwa rangi. Fremu iliyo mstatili ina mishazari miwili iliyo sawa. Kwa fremu ya mita 4 kwa mita 2, nadharia ya Pythagoras inatupa mshazari wa takriban mita 4.47. Pima mishazari yote miwili kwa kamba isiyonyumbuka. Ikitofautiana kwa sentimita kadhaa, fremu imesukumwa ikawa msambamba.

Kisha pima kutoka katikati ya jicho la kukokotea hadi kila ncha ya ekseli. Umbali huo wa pande mbili wapaswa kuwa sawa, kama pembetatu pacha. Tuseme ekseli yenye urefu wa mita 1.8 iko mita 4 nyuma ya jicho, na vipimo vinatofautiana kwa sm 2. Hesabu inaonyesha kwamba ekseli imegeuka kiasi cha sm 1.1 kwa kila mita. Tela la ekseli moja la namna hiyo litakwenda upande upande kama kaa, sehemu ya ekseli ikihama sm 4 hadi 5 kutoka katika njia ya trekta. Tela lenye ekseli mbili zisizo sambamba lina taabu kubwa zaidi, maana magurudumu hushindana, matairi huburutwa ubavuni na kulika upesi, na vishikizo vya springi husukumwa kila wakati. Kwa hiyo tairi lililolika upande mmoja ni shahidi wa kusikilizwa.

Mwisho, simama nyuma ya tela na kulitazama kwa jicho moja. Mdomo wa mhimili wa kulia na wa kushoto ionekane katika usawa mmoja. Mmoja ukiinama mbele na kupanda nyuma, fremu imesokoteka, na msokoto ni mgumu kuondolewa kuliko mpindo.

MBAO ZA SAKAFU

Mbao haziozi kwa uzee wala kwa maji peke yake. Huozeshwa na kuvu, viumbe wanaokula kuta za seli za mti. Kuvu hawa huhitaji hewa, joto na unyevu. Ubao ambao unyevu wake hauzidi asilimia 20 ya uzito wake mkavu hukaa salama. Mahali panapofika kiwango cha juu zaidi ni kwenye ncha za mbao, kuzunguka matundu ya bolti, na pale ubao unapolala juu ya chuma. Hapo ndipo maji hukaa baada ya mvua.

Chomeka ncha ya bisibisi mahali hapo na kubanua. Ubao mzima hukataa, kisha huvunjika kwa vibanzi virefu. Ubao uliooza huingilika, na kipande chake hukatika kifupi kama biskuti. Ubao uliooza ni rahisi kubadilishwa, lakini uutazame kama kipimo cha kilicho chini yake: unyevu ulioozesha ubao umekuwa ukikila chuma miaka hiyo hiyo.

KUAMUA

Si kila kasoro ni sababu ya kuacha kununua. Mbao, bolti, springi, beringi na matairi hubadilishwa, na gharama yake huhesabiwa na kutolewa katika bei. Ufa mfupi ulioanzia kwenye tundu la ubavu unaweza kutengenezwa na fundi stadi, atakayeusaga wote na kuuchomelea upya.

Lakini zipo kasoro ambazo haifai kuzipatia bei: midomo ya mihimili iliyoliwa kwa sehemu kubwa, fremu iliyosokoteka, nyufa zinazorudi kando ya viraka vilivyochomelewa zamani, na ufa wowote katika jicho au mkono wa kukokotea ambao mwuzaji anakusudia kuuchomelea juu juu. Tela la namna hiyo lina thamani ya chuma chakavu, na mnunuzi asilipe zaidi ya hapo, hata kama matairi ni mapya. Mwenye kamati ya ununuzi aandike vipimo vyote katika karatasi, avisome mbele ya mwuzaji, na asitoe malipo ya awali kabla ya uchunguzi kukamilika.

MAJARIBIO YA DARASANI

Walimu wanaweza kuyaonyesha mambo haya bila maabara. Weka misumari katika chupa nne: ya kwanza ina hewa kavu; ya pili ina maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta ya kupikia; ya tatu ina maji ya kawaida; ya nne ina maji ya chumvi. Baada ya juma moja wanafunzi waeleze kwa nini misumari haikushika kutu kwa kadiri moja.

Kwa uchovu wa metali, kila mwanafunzi achukue kipande cha waya wa chuma, akikunje na kukikunjua huku akihesabu mpaka kikatike. Kundi moja likunje kwa pembe ndogo, jingine kwa pembe kubwa, nao wachore grafu ya hesabu zao. Kisha waya mmoja ukwaruzwe kwa tupa kabla ya kukunjwa. Wanafunzi wakipata jibu, wapelekwe kwenye tela la shule au la jirani, wakiwa na kamba na chaki, wapime mishazari yake, na kuandika ripoti ambayo mwenye tela ataweza kuitumia.